Usingizi wa Dakika Kumi: Sindano ya Nusukaputi na Anayemlinda Aliyelala

Katika nyumba zetu, habari ya kupasuliwa inapotajwa, mgonjwa aghalabu huuogopa usingizi kuliko kisu. Kisu hatakiona wala hatakihisi. Lakini huko anakokwenda akilala, je, atarudi? Na akiwa huko, ulimi wake utasema nini mbele ya watu asiowajua? Haya ndiyo maswali mawili ambayo kina mama huulizana kwa sauti ya chini kabla ya kwenda hospitali, na mara nyingi hayamfikii daktari kamwe.

Lugha yetu yenyewe imeitia hofu hiyo ndani ya jina. Twasema nusukaputi. Nusu twaijua, na kaputi, kwa kauli ya wengi waliochunguza asili ya maneno, ni neno la Kijerumani lenye maana ya kitu kilichoharibika au kilichokwisha. Aliyepewa dawa hiyo basi ni mtu aliyekwisha nusu. Jina ni kali, lakini halikukosea sana. Qur'ani Tukufu nayo, katika Suratu Zumar, imeutaja usingizi na mauti pamoja: kwamba Mwenyezi Mungu huzichukua roho wakati wa kufa, na zile ambazo hazijafa huzichukua katika usingizi wake, kisha akazirudisha zile ambazo ajali yake haijafika.

Usingizi wa hospitali, hata hivyo, si usingizi wa usiku. Aliyelala kitandani kwake hugeuka akichoka ubavu, hukohoa mate yakimpalia, huamka akiitwa jina. Aliyelazwa kwa sindano hafanyi lolote katika hayo. Pumzi yake yenyewe huweza kukatika, na asiwepo wa kuirudisha ila yule aliyesimama kichwani pake.

Ili kulielewa jambo hili vizuri, hebu tuitazame dawa moja iliyobadili upasuaji duniani, ambayo kwa zaidi ya miaka 50 ndiyo iliyokuwa mlango wa kuingilia katika usingizi wa daktari. Jina lake ni thiopentoni. Wengine waliijua kwa jina la biashara, Pentothal.

Kabla yake, mgonjwa alilazwa kwa kuvuta hewa. Tarehe 16 Oktoba 1846, mjini Boston, Marekani, daktari wa meno William Morton aliwaonyesha watu hadharani kwamba mvuke wa etha waweza kumlaza mtu akapasuliwa asisikie. Mwaka uliofuata James Simpson wa Edinburgh akaanza kutumia kloroformu kwa wanawake waliokuwa wakijifungua. Hizo zilikuwa neema kubwa, lakini njia yake ilikuwa ngumu. Mgonjwa alifunikwa uso kwa kitambaa au kifuniko, akavuta harufu kali kwa dakika kadhaa huku akijihisi anakabwa, na kabla ya kulala barabara wengi walipigana, wakapiga kelele, wakatapika. Watu wazima walishikwa mikono na miguu. Mtoto aliyeonja hayo mara moja hakusahau.

Wakati huohuo wanakemia wa Kijerumani walikuwa wakishughulika na jambo lingine kabisa. Mwaka 1864 Adolf von Baeyer alitengeneza asidi iliyoitwa babituriki, ambayo peke yake haimlazi mtu hata kidogo. Watoto wa asidi hiyo ndio waliokuja kuwa dawa, na kundi lao likaitwa babitureti. Mwaka 1903 ukatangazwa Veronal, ambao ulikuwa vidonge vya kuleta usingizi, na mwaka 1912 ukafuata phenobabitoni, ambayo hadi leo wagonjwa wengi wa kifafa hapa kwetu huitumia. Lakini hizo zilikuwa dawa za polepole na za muda mrefu. Anayezimeza usiku huamka asubuhi na kichwa kizito. Mpasuaji hakuwa na haja na usingizi wa namna hiyo. Alitaka usingizi unaokuja upesi na kuondoka upesi.

Hatua ya kwanza ya kweli ilikuwa mwaka 1932, Ujerumani, ilipotoka dawa ya Evipan ya kudungwa katika mshipa. Kisha huko Marekani, katika kampuni ya Abbott, Ernest Volwiler na Donalee Tabern walijaribu babitureti nyingi moja baada ya nyingine, mpaka walipoiondoa chembe moja ya oksijeni na kuweka salfa mahali pake. Badiliko hilo dogo ndilo lililoleta thiopentoni. Tarehe 8 Machi 1934 Ralph Waters, wa jimbo la Wisconsin, alimdunga nayo binadamu wa kwanza. Miezi michache baadaye John Lundy wa Mayo Clinic akaanza kuitumia kwa wagonjwa wengi na kuandika alichokiona.

Ni unga wa rangi ya manjano hafifu, wenye harufu ya salfa, unaochanganywa na maji yaliyosafishwa kabla ya kudungwa. Mwanamke mwenye afya, mwenye uzito wa kilo 60, huhitaji kiasi cha miligramu 180 hadi 300. Wagonjwa wengi wamesimulia kwamba jambo la mwisho walilolihisi ni ladha ya kitunguu saumu kinywani. Kwa muda wa takriban nusu dakika kope hushuka, na hapana kukabwa wala kushikwa miguu. Baada ya dakika tano hadi kumi, kama hakuongezwa kitu kingine, mtu hufumbua macho.

Dawa haikuondoka

Hapa ndipo penye siri ambayo hata madaktari hawakuielewa kwa miaka mingi. Mtu anapoamka baada ya dakika kumi, akili hutuambia kwamba dawa imekwisha mwilini. Haikwisha. Karibu yote bado imo.

Thiopentoni hupenda mafuta, na ubongo umejaa mafuta. Aidha ubongo, ambao ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, hupata takriban asilimia 15 ya damu inayosukumwa na moyo. Kwa hiyo dawa ikiingia mshipani, mgeni wa kwanza kuipokea ni ubongo, na mtu hulala papo hapo. Lakini damu inaendelea kuzunguka. Misuli, ambayo ni mingi kuliko ubongo mara nyingi, huanza kuivuta dawa kwake. Dawa hutoka ubongoni ikafuata damu kwenda misulini, na mtu huamka. Baadaye, polepole zaidi, mafuta ya mwili nayo huichukua sehemu yake. Ini ndilo linaloivunja dawa hii hatimaye, na kazi yake ni ya taratibu: huchukua takriban saa 11 kuipunguza kwa nusu.

Sisi watu wa pwani tuna mfano wake mbele ya macho kila siku. Maji yakijaa hufunika mwamba, yakipwa mwamba huonekana. Aliyesimama juu ya mwamba mkavu hasemi kwamba bahari imekauka. Anajua kwamba maji yamekwenda kando tu. Ubongo ni ule mwamba.

Faida ya kuyajua haya si ya madaktari peke yao. Laiti dozi ya pili na ya tatu zingetolewa mfululizo, misuli na mafuta yangejaa, dawa isiwe na mahali pa kukimbilia, na usingizi wa dakika kumi ungekuwa wa saa nyingi. Ndiyo maana thiopentoni haikufaa kumlaza mtu kwa upasuaji wote. Huwa ni mlango tu. Mtu akishalala, mtaalamu humwendeleza kwa hewa ya dawa anayoivuta kupitia mrija, kama vile halotheni iliyoanza kutumika mwaka 1956, na humpa dawa nyingine ya maumivu, kwani thiopentoni haiondoi maumivu hata chembe. Humlaza tu.

Na ndiyo maana aliyeamka, akaketi, akanywa chai, akaomba viatu vyake arudi nyumbani, bado si mzima wa akili kama anavyojiona.

Somo la Hawaii

Tarehe 7 Desemba 1941 ndege za Japani ziliishambulia bandari ya Pearl Harbor, katika visiwa vya Hawaii. Majeruhi walipelekwa hospitali kwa mamia, wengi wakiwa wamepoteza damu nyingi. Thiopentoni ilikuwa bado dawa mpya, rahisi kubeba, isiyoshika moto kama etha. Ikatumika. Miaka miwili baadaye daktari mmoja wa upasuaji aliandika katika jarida la Marekani maneno makali mno dhidi ya dawa hiyo kwa majeruhi wa vita, na tangu hapo ukaenea uvumi kwamba sindano ile iliua watu wengi kuliko mabomu.

Uvumi huo ulifundishwa madarasani kwa miaka 50. Kumbukumbu za hospitali kuu ya kijeshi kisiwani humo zilipokuja kuchunguzwa upya katika miaka ya 1990, ilionekana kwamba kati ya majeruhi 344 waliolazwa, 13 hawakuokoka, na ni wachache tu kati ya hao ambao vifo vyao vingeweza kuhusishwa na dawa ya usingizi. Hayakuwa maangamizi yaliyosimuliwa.

Hata hivyo hao wachache walikufa kwa sababu inayoeleweka. Mtu aliyepoteza damu nyingi, mwili wake huibana mishipa ya mikono, miguu na ngozi ili damu iliyobaki iende kwenye moyo na ubongo. Akidungwa kipimo cha mtu mzima mwenye afya, karibu chote huenda huko huko. Dawa huifungua mishipa iliyobanwa na kuudhoofisha moyo uliokwisha choka, na shinikizo la damu huanguka. Dawa ni ileile na kipimo ni kilekile, lakini aliyelala mezani si mtu yuleyule. Waliofundishwa kwa makini walijifunza kumpa mtu kama huyo kidogo kidogo, kwa kungoja na kutazama, au kumpa dawa nyingine. Ketamini, iliyokuja baadaye na ambayo haiangushi shinikizo la damu kwa namna hiyo, imekuwa tegemeo la hospitali nyingi za Afrika kwa sababu hii.

Naona somo hili linatuhusu kuliko linavyowahusu wanajeshi. Mwanamke anayevuja damu baada ya kujifungua ni majeruhi wa Pearl Harbor katika kila jambo ila risasi. Familia inayochelewa nyumbani ikishauriana, hata akafika amekuwa baridi mikono, inampokonya mtaalamu wa usingizi nafasi ya kumlaza kwa usalama.

Mtaalamu huyo, ambaye hapa kwetu huenda akawa daktari, afisa wa kliniki au muuguzi aliyesomea kazi hiyo, watu wengi hawamjui hata kwa jina. Mpasuaji hushukuriwa, hupelekewa zawadi. Aliyelinda pumzi husahauliwa. Lakini tangu sindano inapoingia, yeye hatoki. Hushikilia taya ili ulimi usizibe koo, huweka mrija wa hewa, hupima shinikizo la damu kila baada ya dakika chache, hutazama rangi ya midomo na kusikiliza mlio wa kile kidude kinachobanwa kidoleni ambacho hupima oksijeni iliyomo katika damu. Kuhusu kidude hicho, neno kwa dada zetu wapendao kujipamba: piko nyeusi na rangi nzito ya kucha huweza kukizuia kisisome sawasawa. Anayejua kuwa atapasuliwa aache angalau kidole kimoja bila kupakwa, au amwambie mtaalamu mapema akitafute kipimo cha sikioni.

Ulimi wa aliyelala

Tuje kwenye swali la pili, lile la siri. Chimbuko la hofu hii si ujinga wa kina mama. Thiopentoni ilivumishwa duniani, kwa vitabu na filamu, kuwa ni dawa ya kumfanya mtu aseme kweli. Polisi na majasusi wa nchi mbalimbali walizijaribu babitureti kwa kusudio hilo. Kwa kipimo kidogo, kisichofika cha kumlaza mtu, dawa hizi hulegeza ulimi kama ulevi unavyoulegeza. Lakini ulimi uliolegea hausemi kweli tupu. Husema kweli, uongo, ndoto na yale anayotaka muulizaji, vyote kwa pamoja, na msikilizaji hana mizani ya kuvitenganisha. Mwaka 1963 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba ungamo lililopatikana kwa dawa za namna hiyo haliwezi kupokewa kuwa ushahidi, kwa kuwa si la hiari.

Katika chumba cha upasuaji mambo ni tofauti kabisa. Kipimo hutolewa kwa mkupuo, na mtu huvuka daraja la kuropoka kwa sekunde chache. Akishalala hasemi, mara nyingi ana mrija kooni, hata angetaka asingeweza. Wakati wa kuamka baadhi ya watu hulia, huita mama zao, au husema maneno yasiyo na mpangilio. Wauguzi wameyasikia maelfu, na wanafungwa na kiapo cha kutunza siri za mgonjwa.

Siri inayoweza kuua ni ile isiyosemwa kabla ya kulala. Anayemeza phenobabitoni kwa ajili ya kifafa na akaificha kwa kuogopa mawifi; anayetumia miraa; kijana aliyenaswa na unga, ambaye mwili wake umezoea dawa za kulevya; msichana ambaye huenda ana mimba; anayekunywa dawa za mitishamba. Haya yote hubadilisha kipimo au chaguo la dawa. Mwambieni mtaalamu peke yake, pasiwe na mtu mwingine chumbani, naye ana wajibu wa kuyahifadhi.

Na yapo ya ukoo. Afrika Kusini kuna ugonjwa wa kurithi uitwao pofiria, uliosambaa miongoni mwa Makaburu, na watafiti waliufuatilia nyuma kizazi baada ya kizazi mpaka kwa mume na mke wa Kiholanzi waliooana huko Cape mwaka 1688. Wengi wenye ugonjwa huo huishi maisha yao pasi na kujua. Lakini wakidungwa babitureti hupatwa na maumivu makali ya tumbo, akili huvurugika, na wengine hupooza hata misuli ya kupumulia. Ilipoingia thiopentoni, watu wa familia zile walianza kufa baada ya upasuaji mdogo, na ilikuwa ni kwa kuuliza habari za shangazi na babu ndipo chanzo kilipojulikana. Kwa hiyo mtaalamu anapouliza, "Kuna mtu katika ukoo wenu aliyepata shida na dawa ya usingizi?" hafanyi udadisi. Muulizeni bibi kabla ya siku ya kupasuliwa.

Sheria ilivyoliangalia

Wapo wanaosita kwa sababu ya dini: je, ni halali mtu kujiondolea akili kwa hiari? Swali hili ni la kale. Imepokewa katika habari za Urwa bin Zubeir, mwana wa Bibi Asma na mpwa wa Bibi Aisha, mmoja wa mafakihi saba wa Madina, kwamba mguu wake ulipooza na ikalazimu kukatwa, alipendekezewa anywe kitu cha kumpoteza fahamu akakataa, akakatwa hali akimtaja Mola wake. Hiyo ilikuwa daraja yake, nasi twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu. Haikuwa amri kwa wengine.

Imam Nawawi, ambaye vitabu vyake ni tegemeo la sisi Mashafi, aliizungumza hali hiyohiyo: mkono uliooza unaohitaji kukatwa, na mtu akahitaji kutumia kitu kisicho kinywaji cha kulevya, mfano wa banji, ili akili imwondoke. Alisema kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba inajuzu. Aliyaandika hayo miaka 600 kabla ya etha ya Boston. Waganga wa Kiislamu, Ibn Sina akiwa miongoni mwao, walizijua dawa za kufisha ganzi kama afyuni na wakaziandika. Mafakihi hawakuwa wakiuzungumzia mtihani wa kufikirika.

Yapo machache ya kukumbuka. Kupotewa na fahamu hutengua udhu, basi aliyeamka atatawadha, au atatayamamu kama maji yanamdhuru. Kuhusu swala zilizompita, katika madhehebu yetu aliyepotewa na fahamu pasi na kuasi hailazimu kuzilipa zile ambazo wakati wake wote ulimpita katika hali hiyo, ingawa kulipa ni bora. Na wanazuoni wengi wa zama hizi, wakiona kuwa usingizi wa sindano ni wa saa chache na umeridhiwa na mtu mwenyewe, huufananisha na usingizi wa kawaida na kumtaka alipe. Kufuata kauli hiyo ya pili ni salama zaidi, na hazizidi swala mbili au tatu. Imam Nawawi aliipa nguvu pia rai ya kujuzu kujumuisha swala kwa ajili ya ugonjwa. Anayepangiwa upasuaji wa adhuhuri na amuulize sheikh wake mapema.

Kufunga kula kabla ya upasuaji si saumu ya ibada, lakini kuvunjwa kwake kuna hatari. Mtu akilazwa, mlango wa juu wa tumbo hulegea, na chakula huweza kupanda kikaingia mapafuni. Kawaida ni saa 6 bila chakula wala chai ya maziwa, saa 2 bila hata maji; mtoto mchanga husimamishiwa ziwa la mama saa 4 kabla. Nyanya anayempa mjukuu uji kwa huruma alfajiri ya upasuaji, kisha akanyamaza, humtia hatarini asimojua.

Kuhusu sitara, si vibaya kuomba mhudumu wa kike, na pale anapopatikana hospitali nyingi hukubali. Nywele hufunikwa kofia ya upasuaji. Fomu ya idhini nayo ni ya mgonjwa mwenyewe: Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 imempa haki ya kuelezwa na kuridhia. Kushauriana na mume ni katika wema wa ndoa, ila maisha yasingojee simu isiyoshika.

Ilivyotoweka

Dawa hii imepita katika mikono ya kila namna. Tarehe 7 Desemba 1982, siku ileile ya Pearl Harbor miaka 41 baadaye, jimbo la Texas lilimuua mfungwa Charles Brooks kwa sindano, mtu wa kwanza kuuawa kwa njia hiyo, na ya kwanza kati ya dawa tatu alizodungwa ilikuwa thiopentoni. Alikuwa ameukubali Uislamu gerezani. Kwa miongo mitatu majimbo ya Marekani yaliendelea kuitumia hivyo. Kampuni ya Hospira, iliyokuwa ikiitengenezea nchi hiyo, ilitaka kuhamishia kazi Italia. Serikali ya Italia ikataka ahadi kwamba haitatumika kuulia watu. Kampuni haikuweza kuitoa ahadi hiyo, na Januari 2011 ikaacha kuitengeneza kabisa. Mwishoni mwa mwaka huohuo Umoja wa Ulaya ukaweka masharti juu ya kuisafirisha. Hivyo madaktari wa Marekani wakaikosa dawa kwa sababu ya wanyongaji.

Lakini tayari ilikuwa imempata mrithi. Propofoli, dawa nyeupe kama maziwa iliyoanza kutumika katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, humlaza mtu upesi vilevile na kumwamsha akiwa na kichwa chepesi, na kichefuchefu kidogo. Shirika la Afya Duniani huitaja propofoli katika orodha ya dawa muhimu, na thiopentoni kuwa mbadala kulingana na kinachopatikana na bei yake. Unga wa manjano bado una kazi, hususan kwa kifafa kisichokatika.

Kwa mama mjamzito, siku hizi upasuaji mwingi hufanywa kwa sindano ya mgongo, naye huwa macho akamsikia mwanawe akilia. Nusukaputi huhitajika pale damu inapovuja sana, au mtoto anapochoka na hapana muda. Thiopentoni huvuka kondo la nyuma kwa takriban dakika moja, jambo linalowatisha wengi. Lakini damu inayomfikia mtoto hupitia kwanza ini lake na kuchanganyika na damu nyingine, na kwa kipimo cha kawaida ubongo wake hupata kidogo tu.

Kunyonyesha hakuna kizuizi. Kiasi kinachoingia katika maziwa ni kidogo, na mama huweza kumpa mtoto ziwa mara anapokuwa macho barabara na kuweza kumshika. Linaloogopewa ni jambo jingine, nalo latokana na yale maji yaliyopwa bila kukauka. Kwa saa 24 mama huyo asiendeshe gari, asikae peke yake na jiko la moto, asitie saini hati ya nyumba wala ya mkopo, na asilale kitanda kimoja na mtoto pasi na mtu mwingine aliye macho. Mtoto anyonye, kisha apokewe na bibi au shangazi, alazwe kando.